Mistari ya Kijivu

Maduka ya vifaa vya watoto yanafanana kila nilikopita. Ukiingia, pua inakutana na harufu ya plastiki mpya na poda. Juu ya kichwa vinaning'inia vyandarua vilivyokunjwa kama miamvuli, na ukutani beseni zimepangwa moja ndani ya nyingine. Na katika kila duka la namna hiyo yupo mwanamke mmoja ambaye hakai. Anajua godoro lipi linachuja rangi likilowa, anajua mume yupi amekuja kununua na yupi ametumwa kuuliza bei. Katika duka ninalotaka kulisimulia, mwanamke huyo anaitwa Shangazi.

Jina hilo hakujipa. Akina mama wakija na watoto mgongoni huwaambia, "Msalimie shangazi," likashika, mpaka mwenye duka naye, mtu aliyemzidi umri, akawa anamwita hivyo hivyo. Mwenye duka mwenyewe huitwa Tajiri, ingawa viatu vyake vimeliwa kisigino na kila akitoka stoo huzima taa, hata kama kuna mtu ndani.

Faili la wateja alilianzisha Shangazi. Mama akinunua kitanda au kuweka kiasi cha mwanzo, humwuliza jina, namba ya simu na tarehe aliyopewa kliniki. Tarehe hiyo ilikuwa na kazi: vitanda vikichelewa kwa seremala, yeye alijua nani anaweza kusubirishwa na nani hana muda huo. Mistari ya wale waliokuwa bado aliipaka rangi ya njano. Mama akipita dukani na mtoto, mstari wake unageuka kijani. Ukilifungua faili lile asubuhi liliona haya kukupa habari mbaya. Lilikuwa kama shamba, huku limeiva na kule bado.

Kijivu hakikupangwa. Siku moja alikuja baba peke yake, amebeba kitanda alichokuwa amekinunua, bado kimefungwa nailoni, akauliza kama kinaweza kurudishwa. Hakusema sababu na Shangazi hakuuliza. Alikipokea, akamrudishia hela yake bila kumsubirisha Tajiri, na yule baba alipotoka akakaa mbele ya kompyuta akalitafuta jina la mkewe. Kulikuwa na safu ya maoni, nafasi tele ya kuandika. Aliweka vidole juu ya vitufe, akaviondoa. Kuna maneno hayaandikwi kando ya namba ya simu ya mtu. Akaupaka mstari mzima rangi ya kijivu, akahifadhi, akaenda kupanga soksi.

Tangu hapo ikawa ada yake. Aliyepakwa kijivu hapigiwi simu, haulizwi mtoto hajambo, hatangaziwi nguo mpya. Hakumweleza mtu maana ya rangi zile, na Tajiri alidhani ni mapambo. "Wanawake bwana," alisema, "hata faili mnalipaka wanja."

Mwaka jana kijivu kiliingia nyumbani kwao. Mdogo wake wa kiume ameoa fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi anayeshona sare za shule, na kati ya mawifi hao utani haukuwa ukikatika. Mimba ilipokuwa kubwa, wifi alikuja dukani kuchagua kitanda na akabishana bei kama hawajuani. "Nipunguzie, wifi," alisema mbele ya wateja. "Kaka yako nitamwambia nimelipa yote, chenji tutagawana." Jina lake likaandikwa, na namba, na tarehe. Mimba ilifika mwisho, uchungu ukaja kwa wakati wake, na wakarudi nyumbani mikono mitupu. Watu walikuja, wakakaa, wakasema pole, wakaondoka. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena jambo hilo, kwa kuogopa kulitonesha. Shangazi aliupaka mstari ule kwa mkono wake. Na wale mawifi waliokuwa hawaachani kwa maneno wakawa wanaongea habari za bei ya vitambaa na magonjwa ya majirani.

Sasa Tajiri alileta mzigo wa viatu vya watoto wanaoanza kusimama. Mabunda yalijaa mpaka mlangoni, mtu aliingia dukani kwa ubavu.

"Shangazi," alisema, "siku hizi watu hawasomi kibao cha mlangoni. Wanasoma simu. Tuwafuate humo humo."

"Tuwafuate akina nani?"

"Wote. Faili si unalo?"

Alikuwa amejiunga na kampuni moja ya kutuma meseji kwa watu wengi kwa pamoja. Wewe unaipa orodha, unaandika maneno mara moja, yenyewe inamwita kila mtu kwa jina lake kana kwamba umekaa ukamwandikia yeye tu. Tajiri alifungua akaunti, akajipa ukubwa wa kutuma na kusimamisha, na Shangazi akapewa ruhusa ya kupandisha orodha na kuiangalia tu.

Ile kazi ilimla Shangazi mchana mzima. Mtambo wa kampuni haukulitaka faili lake kama lilivyo. Ulitaka maandishi matupu, kila kitu kimetengwa na mkato. Alipolihifadhi kwa namna hiyo, kompyuta ikamwonya kwamba baadhi ya mambo huenda yakapotea, je, aendelee? Akaendelea, kama tunavyoendelea sote. Alipolipandisha, likarudishwa: namba hazisomeki. Sifuri za mwanzo zilikuwa zimeliwa, kila simu imebaki bila kichwa. Akazirudisha zote. Akalipandisha tena; kuna watu wameandikwa mara mbili. Akawatoa. Kisha mtambo ukamwuliza safu moja moja: hii ni nini? Jina. Hii? Simu. Hii? Tarehe. Hii ya maoni? Achana nayo. Mwishoni kikatokea kijisanduku cha kijani: watu mia nane na kitu wamepokelewa, waliokataliwa hakuna.

Tajiri aliinama akasoma kwa sauti. "Waliokataliwa hakuna. Hata peponi hawajawahi kupata hesabu hiyo."

Shangazi alicheka. Alikuwa na haki ya kufurahi. Alikuwa amejifunza kazi ile peke yake, kwa kukosea na kurudia. Tajiri akachukua kiti, akachagua akina mama ambao tarehe zao zilipita karibu mwaka mmoja, akaandika: *Habari, mama, kisha jina. Mtoto wako sasa anasimama! Mletee viatu vyake vya kwanza. Saizi zote zipo.* Akapanga ianze kutumwa kesho yake asubuhi. Kwa kuwa akaunti ilikuwa mpya, kampuni ingetuma kwa mafungu madogo madogo, kwa mpangilio wa herufi. Kisha Tajiri akabadilisha neno la siri, kwa sababu alisikia redioni kwamba wezi wa mtandao wamezidi, akatoka kwenye akaunti yake, akazima taa ya stoo.

Asubuhi majibu yalianza kuingia kabla chai haijapoa. Mmoja aliuliza kama viatu vyekundu vipo. Mwingine alisema wake hasimami, anakimbia, na amevunja kioo cha televisheni. Tajiri alizunguka nyuma ya kaunta na kikombe mkononi, akatazama juu ya bega la Shangazi ile orodha kwenye kioo.

"Ila zile rangi zako umezifuta," alisema. "Orodha imekuwa nyeupe kama shuka la hospitali."

Shangazi alikuwa anabandika bei kwenye chupa za maziwa. Mkono ulibaki hewani. Aligeuza shingo akaitazama orodha kutoka juu mpaka chini, na ilikuwa kweli. Hapakuwa na njano, hapakuwa na kijani. Watu wote wamevaa sare moja.

Rangi hazikupanda. Yalipanda maandishi tu, na yeye hakuwa ameandika.

Alilifungua faili la zamani kando, lile lenye rangi, akateremka nalo. Katika wale aliowachagua Tajiri, wa kijivu walikuwa watatu. Wa kwanza jina lake lilikuwa mwanzoni kabisa mwa herufi. Wa pili katikati. Wa tatu, mwishoni, alikuwa wifi yake.

Akarudi kwenye orodha ya kampuni. Mbele ya kila jina kulikuwa na neno dogo. Wa kwanza: *imefika*. Wa pili: *imetumwa, haijafika*. Wifi: *inasubiri*.

"Simamisha," alisema.

"Nisimamishe nini? Biashara ndiyo kwanza inaamka."

"Tajiri, simamisha meseji. Nakuomba."

"Kuna nini?"

Hakuwa amewahi kulisema kwa mdomo. "Wale wa kijivu," alisema, "hawakurudi na mtoto."

Tajiri aliweka kikombe juu ya bunda la nepi. Alikaa, akafungua ukurasa wa kuingilia, akaandika neno la siri kwa kidole kimoja. Likakataliwa.

"Umeandika sawasawa?"

"Ni jina la kifungua mimba wangu na mwaka wake."

"Hilo ni la zamani. Jana si ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Ukaweka nini?"

"Ndilo ninalolitafuta."

Alijaribu jina la mtoto wa pili. Likakataliwa. Alijaribu jina la mkewe, na Shangazi akaona kwenye kioo kwamba mistari miwili zaidi imeruka kutoka *inasubiri* kwenda *imetumwa*. Tajiri alifuta jasho puani, akaandika jina la mama yake. Ukurasa ukawa mwekundu: akaunti imefungwa kwa muda, kwa usalama wako.

"Usalama wangu," alisema Tajiri polepole.

Shangazi alijaribu kwa akaunti yake mwenyewe. Alilifuta jina la wifi kwenye orodha. Mtambo ukamjibu kwa adabu kwamba aliyekwisha kupangwa kwenye foleni hatoki. Tajiri akapiga simu kwa kampuni, na kwenye spika ukasikika muziki, na sauti ya mwanamke ikisema wahudumu wote wana shughuli, tafadhali endelea kusubiri.

Shangazi alichukua simu yake, akampigia yule wa kwanza. Hakujua atasema nini; alijua tu kwamba kukaa kimya kulikuwa ndiko kulikomfikisha hapo.

Ilipokewa haraka. Nyuma kulikuwa na kelele za soko, mtu ananadi vitunguu.

"Hujambo, mama. Mimi ni wa lile duka la..."

"Nakujua sauti," alisema yule mwanamke. "Nimeiona meseji yenu."

"Nimekosea. Mimi ndiye niliyekosea, si duka. Nilikuwa nimekuwekea alama usitumiwe kitu, sasa alama haiku..."

"Shangazi." Sauti ilikuwa shwari, na ndiyo iliyomwumiza. "Siku ile mume wangu aliporudisha kitanda, aliniambia yule mama wa dukani hakuuliza neno hata moja. Nikasema, huyo ananijua. Nilidhani unanijua."

Simu ikakatwa. Kwenye spika ya Tajiri muziki uliendelea, na mwenyewe alikuwa anatazama sakafu.

Wa pili hakupatikana. Simu yake ilikuwa imezimwa, na kwa hiyo meseji ilikuwa imekaa mahali fulani hewani ikingoja aiwashe. Kisha akampigia wifi yake. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Chumba wanachoshonea kina cherehani za umeme zinazopiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Simu ingeweza kuita mpaka jioni. Lakini mtu anayeshona hutazama simu kila anapobadilisha uzi. Akapiga tena, akapiga tena.

"Nenda," alisema Tajiri, simu bado sikioni. "Mimi siondoki hapa mpaka mtu mwenye damu apokee."

Alipanda pikipiki nje ya duka. Dereva alitaka kuongea habari za mpira. Alipoona hajibiwi akaacha. Njiani Shangazi aliwaza kama mtu anayepanga wizi. Ataingia, atasema simu yake imeisha chaji, ataomba ya wifi apige mara moja. Ataifungua, ataizuia namba ya kampuni, au kama meseji imeshaingia ataifuta. Wifi hatajua. Mtu hawezi kuumizwa na kitu ambacho hakukiona. Alilirudia hilo mara nyingi mpaka likaanza kusikika kama la mtu mwingine.

Chumba cha ushonaji kiko juu ya duka la rangi, ngazi zake nyembamba. Ndani walikuwa watatu, kila mmoja na cherehani yake, na katikati kilima cha mashati ya buluu yasiyo na vifungo. Wifi yake alikuwa dirishani. Simu ilikuwa juu ya meza ya cherehani, kati ya chaki na kopo la mafuta, uso umelala chini.

"Haya, mkaguzi amekuja," alisema wifi bila kusimamisha mguu. "Karibu, wifi. Kaka yako amelalamika chumvi?"

Mwenzake mmoja alidakia, "Ficha sufuria, dada. Wifi akija saa za kazi ana lake."

"Hana jipya. Toa hayo makola ya mashati ukae. Mbona unahema? Ngazi zetu si nyingi hivyo, au ndiyo uzee."

Shangazi alitoa makola, akakaa kwenye stuli. Macho yalikwenda kwenye simu, akayarudisha. "Napita tu," alisema.

"Unapita kwenda wapi? Huku juu hakuna pa kupita, labda uruke dirishani."

"Simu yangu imeisha chaji. Nilitaka nikuombe..."

Wifi alikuwa ameshaunyosha mkono, si kwa ajili ya kumpa. Uzi ulikuwa umekatika, na kwa mazoea alichukua simu, akaigeuza, akakitazama kioo. Shangazi alizishika ncha za stuli. Wifi alikunja uso.

"Kumbe ulinipigia. Mara zote hizi? Na chaji imeisha saa ngapi, wifi?"

Kabla hajapata jibu, simu iliyoisha chaji ikaita ndani ya mkoba wake. Wale wenzake wawili walicheka. Shangazi aliitoa, akaiweka sikioni akijiinamia. Ilikuwa sauti ya Tajiri, imekauka.

"Nimempata mtu. Amesimamisha yote. Wako hajafikiwa, unasikia? Ilibaki fungu moja. Yule wa pili imeshatoka, hiyo hawawezi kuirudisha. Lakini wako hajafikiwa. Pumua."

Akashusha simu. Mabega yalimshuka nayo. Kila kitu mle chumbani kilirudi mahali pake: chaki, kopo, mashati. Angeweza kusimama sasa hivi, aseme uongo wowote, ashuke ngazi.

Wifi alikuwa amezima cherehani yake. Alikuwa anamtazama kwa jicho ambalo hakuwa amemtazama nalo kwa muda mrefu.

"Umechelewa siku mbili," alisema. "Lakini umekuja."

Shangazi hakuelewa.

"Juzi," wifi alisema, akiishusha sauti chini ya kelele za cherehani za wenzake. "Juzi ndiyo ingekuwa mwaka. Kaka yako aliamka, akanywa chai, akauliza funguo ziko wapi. Mama mkwe alipiga, akaniuliza mvua huku zimenyesha. Nikasema basi, labda kalenda ninayo mimi peke yangu. Nikaja kazini, nikashona suruali za watoto wa watu." Alishika kitambaa cha shati, akakikunjua, akakikunja. "Kumbe wewe umekumbuka. Mtu anapiga simu mara zote zile, anakuja mpaka huku kwa ngazi hizi, halafu anashindwa kusema. Usiseme. Nimeshaelewa. Ahsante, wifi."

Ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji hata kusema uongo. Alihitaji kuinamisha kichwa tu, na kichwa kilikuwa kimeshaanza kuinama chenyewe. Angepewa chai. Wangeshikana mikono. Na kila mwaka, siku kama ile, angelazimika kuja tena na kupokea shukrani isiyo yake.

"Sikukumbuka," alisema.

Wifi alibaki na kitambaa mkononi.

"Sikukumbuka, wifi. Nisingekuja. Nimekuja kwa sababu ya simu yako."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi kwenye viatu, akaruka kwenye faili, akarudi kwenye rangi. Alimwambia habari za njano na kijani. Alimwambia kijivu. Wifi hakumkatiza, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo ulikuja kuikamata simu yangu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Kama askari."

"Kama askari."

"Na mimi nilikuwa kijivu."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima nimekaa humo kwenye kompyuta yenu, kijivu."

"Sikujua niandike nini."

"Ungeandika alizaliwa." Sasa hakujali kama wenzake wanasikia, na cherehani moja ilikuwa imenyamaza. "Maana alizaliwa, wifi. Nilimzaa. Nilishika kitanda cha chuma nikamzaa kama ulivyowazaa wako. Mnanipitia pembeni kama shimo la barabarani, na mimi najiona ninavyopitiwa."

Wifi alinyoosha kiganja. "Nioneshe hiyo meseji."

"Ya nini? Imesimamishwa."

"Nioneshe. Ilikuwa yangu."

Shangazi alikuwa nayo kwenye simu. Tajiri alikuwa amejitumia na kumtumia yeye ya majaribio jana yake. Aliitafuta, akampa. Wifi aliisoma midomo ikicheza, kama anavyosoma vipimo. Alifika mwisho, akarudi juu, akafika mwisho tena.

"Saizi zote zipo," alisoma kwa sauti. Akatikisa kichwa. "Mwongo huyo Tajiri wenu. Miguu ile? Alikuwa na miguu ya kaka yako, wifi. Mirefu, vidole vimeachana hivi. Hata nesi alisema. Saizi yake msingekuwa nayo."

Akacheka, kicheko chake kile cha zamani cha kutoka tumboni, kikaenda kikafika mahali kikageuka, akajifuta na shati la shule la mtoto asiyemjua. Shangazi alikuwa amemsogelea bila kujua ameinuka. Mwaka mzima hakuwa amesikia mtu akisema mtoto yule alikuwa na miguu. Hakuwa ameuliza.

"Na sura?" aliuliza. "Alichukua ya nani?"

"Yako," alisema wifi, bado amejifunika uso. "Ndiyo majaliwa, tufanyeje."

Mmoja wa wale wenzake aliteremka ngazi akarudi na chupa ya maji, akaiweka mezani, akarudi kwenye kiti chake bila neno.

Wifi alikunywa, akapumua, akalitazama shati alilolichafua, akaliweka kando.

"Hao wengine wawili," alisema, "umewafikia?"

"Mmoja imemfikia. Nilimpigia."

"Akasemaje?"

"Alidhani namjua."

Wifi alikifunga kizibo cha chupa. "Na wa pili?"

"Simu imezimwa. Meseji imeshatoka. Akiwasha tu, inaingia."

"Sasa unakaa hapa unanitazama mimi nini? Piga."

Shangazi alipiga. Haikupatikana. Akangoja kidogo, akapiga tena, na mara hii ikaita. Maana yake simu imewashwa, na kama simu imewashwa, ile meseji iko njiani au imeshafika. Ikaita. Ikaita. Alifungua mdomo kujaribu neno la kwanza, akakuta hana.

Wifi aliichukua simu mkononi mwake.

"Haloo," alisema. "Hujambo, mama? Hunijui. Mimi fundi wa sare tu. Hapo kwenye simu yako kuna meseji ya duka la watoto inaingia, au imeshaingia. Usiifungue kwanza, mwenzangu. Nisikilize mimi."

Upande wa pili ukasema kitu kifupi ambacho Shangazi hakukisikia. Wifi aliinua mkono wake wa kushoto, na wenzake wakazima cherehani zao.

"Ndiyo," alisema. "Na wangu pia."